Moshi wa Siku ya Nne

Ndunge, mwaitu,

Niko na miaka sabini na moja. Nimewazika kaka zangu wawili, nimeona machifu wanne wakiingia na wakistaafu, nimechakaza plau tatu na mafahali saba, na meno yangu yote isipokuwa manane yamenitangulia. Nimeishi kuliko kambare wa kijito chetu, ambao ukimwambia mtoto wa leo waliwahi kuwa humo atakuuliza kama umekunywa. Nimeishi kuliko mama yako, ambaye nilimzidi miaka kumi na mitatu, na hiyo ndiyo sijaielewa mpaka leo.

Naandika mchana. Wewe umeenda Kathiani kumuaga shangazi yako Kalunde kabla ya safari yako ya Malindi, na nyumba iko kimya. Usicheke mwandiko. Nilifika darasa la nne, na mwalimu wetu alisema kwa mdomo wake kwamba isingekuwa ng'ombe wa baba yangu ningekuwa karani wa serikali. Katekista alisema nimwambie maneno yeye aandike. Nimekataa. Maneno haya hayapiti kwa mkono wa mtu mwingine.

Nimekuita mwaitu, mama yangu, tangu siku uliyozaliwa, kwa kuwa jina lako ni la mama aliyenizaa. Watu huona ni mapenzi tu. Leo neno hilo lina kazi nyingine. Leo nasimama mbele yako kama mtu aliyevunja kitu cha mama yake akakificha chini ya kitanda.

Habari ya neti ya mbu, ya maji yenye chumvi, ya wanaume wa pwani wenye maneno laini, hayo shangazi yako atakuwa ameyamaliza. Mimi sijawahi kufika Malindi. Nitakuambia niliyo nayo.

Unajua mimi ni nani katika bonde hili. Kutoka Kyumbi mpaka juu Kathiani hakuna mtu alichoma tofali kunishinda, na aliyesema ameweza alikuwa anauza yaliyoiva upande mmoja. Duka la Abdi pale mjini, yule mfanyabiashara wa mbuzi, ni matofali yangu. Gonga ukuta wake na ufunguo, unalia kama kengele. Madarasa mawili ya shule uliyosomea ya msingi ni yangu pia, nilichoma mwenyewe nikapeleka. Sisemi kujisifu. Nasema kwa sababu huwezi kuelewa kosa langu kama hujaelewa kwanza jinsi nilivyokuwa najua.

Nilikuwa najua moshi. Watu waliniita Daktari wa Moshi na sikuwakataza. Siku ya kwanza tanuri linatoa moshi mweupe, mzito, huo ni maji yanatoka kwenye tofali. Siku ya pili unageuka mweusi, moto umeshika. Siku ya tatu unakuwa mwembamba wa buluu, unaziba midomo ya tanuri kwa udongo. Siku ya nne hakuna moshi. Unaona tu hewa ikitetemeka juu ya tanuri, na mti ulioko nyuma yake unacheza kama uko ndani ya maji. Hapo mchomaji anavua kitambaa puani, anakaa chini, anaita watu wake. Kazi imeisha, hewa ni safi. Hivyo ndivyo nilifunzwa na aliyenifunza, na hivyo ndivyo niliwafunza wengine.

Matairi yaliingia baadaye. Mikaratusi iliisha. Tulikuwa tumekata ya kwetu, tukakata ya kanisa, tukafika mahali kuni za tanuri moja zinatoka mbali kuliko mchanga. Nikatembea mpaka Kyumbi, pale malori yanapumzika, nikaona matairi makuukuu yamelala nyuma ya mafundi wa pancha kama ng'ombe wasio na mwenyewe. Walifurahi nikiyachukua. Tairi moja ni kama mti mzima, Ndunge. Unaliwasha na kopo la oili chafu na linawaka mpaka tofali la katikati linaiva kama la pembeni. Mimi ndiye wa kwanza bondeni kutia tairi tanurini. Kwa miaka nilisema hivyo kwenye kila harusi.

Abdi alipitisha mbuzi zake chini ya tanuri langu msimu mmoja akielekea soko. Aliniambia wamekataa maji ya kijito, wamesimama wakayanusa wakageuza vichwa. Nikamwambia mbuzi wake wamezoea mjini wanataka soda. Akacheka, kwa sababu ni mtu wa adabu. Lakini hakupitisha tena mbuzi hapo.

Sasa, ile karatasi yako.

Ulipokuwa ukiishi Syokimau ukifanya ule mradi wa chuo, ulikuja nyumbani Desemba na bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi za mviringo, nyeupe kama chapati isiyochomwa. Ukaniambia unaziweka kwenye kifaa juu ya paa, kinavuta hewa siku nzima, halafu unaangalia zimeshika nini. Ukanionyesha ya Syokimau. Nyeusi. Magari ya Barabara ya Mombasa, ukasema, na takataka zinazochomwa nyuma ya mitaa, na viwanda. Nikakuambia huo ni uchafu wa watu wa ofisi, hapa kwetu hewa ni ya Mungu. Tanuri langu lilikuwa siku ya nne. Ukasema basi tupime. Nikasema pima, na karatasi yako ikitoka si nyeupe kama fulana ya padre, mimi si Nzioka.

Nilikaa pembeni nikikutania mpaka jioni. Ulipoifungua ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na ilinuka. Niliisogeza puani na nikajua ile harufu. Nilikuwa nimeishi nayo muda mrefu nikaacha kuisikia. Nilingoja unicheke, maana nilistahili. Hukucheka. Uliitazama muda, ukatazama ukuta wa tanuri, ukasema polepole:

"Baba, hapa ndipo tulikuwa tunaota moto."

Nikasema ndiyo, na viazi vitamu tulichoma kwenye hilo jivu. Nikaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe siku hizo. Wewe ulijua na ukaniacha niende.

Usiku huo ulinieleza, na nilijifanya sisikii, lakini nilisikia. Ulisema kitu kikiungua bila hewa ya kutosha hakiishi. Kinavunjika kuwa vitu vingine vidogo sana, ambavyo vina jina refu la Kizungu na mimi nimekataa kulijifunza, naviita masizi yasiyoonekana. Ulisema hayapendi maji, yanapenda mafuta, ndiyo maana yanakaa kwenye mapafu ya mtu na kwenye mafuta ya samaki. Yanapanda, yanashika vumbi, yanaanguka na mvua, yanaingia kijitoni, kijito kinaingia Athi, na Athi unatembea mpaka unabadilisha jina unaitwa Sabaki unamwagika baharini. Pale mdomoni, maji matamu yakikutana na chumvi, matope yanazama. Na masizi yanazama nayo. Huko chini hakuna hewa, hayaozi. Yanakaa.

Sasa wamekupa kazi huko. Utachoma bomba kwenye matope utoe mchi mrefu, uukate vipande, cha juu ni cha juzi, cha chini ni cha zamani. Na unasema kila moto una alama yake, wa kuni uko hivi, wa dizeli uko vile, wa tairi uko vingine, mtu aliyesoma anaweza kuona nani alichoma nini na lini. Ulipolisema hilo nilijiona nimeinuka kwenye kiti. Nilijivuna, nakiri. Nikasema moyoni, basi amerithi kazi yangu, anasoma moshi, tena anausoma miaka baada ya kuondoka. Ulipolala ndipo nilielewa kile umesema.

Ukiniona tangu Desemba sijawasha tanuri, usinisifu. Mgongo ndio ulikataa kwanza. Nilipanga matofali yote kwa ajili ya tanuri la Pasaka, bado yamesimama pale, mvua imeanza kuyarudisha udongo. Kila mtu anadhani nimezeeka. Wacha wadhani.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza swali. Uliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza mvua. "Baba, kwa nini mama alinipeana Kathiani?"

Nikakujibu kwamba mama yako aliona shule ya huko ni nzuri, na alikuwa na kazi nyingi, na hivyo ndivyo alivyotaka. Ukasema, "Sawa." Ukatangulia.

Hilo jibu nimekupa mara ngapi tangu uwe mdogo? Shule, kazi, mama yako alitaka. Kila neno lina kipande cha ukweli, kama tofali lenye majani ndani. Ukilipiga linavunjika hapo kwenye majani.

Ukweli ni huu. Soma polepole, maana nimeuandika mara tatu na mara mbili nimechana.

Ulikuwa na miaka sita. Julai, baridi ile ya kwetu inayotoka milimani na ukungu. Ulikuwa unakohoa kifua cha maji, unasikika kutoka nje. Mama yako alitaka kukupeleka hospitali mjini. Mimi nikasema hospitali ya nini na tanuri ninalo. Mimi ni mtu wa kukausha vitu. Kazi yangu yote ni kuchukua kitu chenye maji na kukiondolea maji kidogo kidogo bila kupasuka. Nikaona kifua cha mtoto ni hicho hicho. Nikatandika gunia na blanketi kando ya ukuta wa tanuri, upande usio na upepo, siku ya nne, moshi ukiwa umeisha, nikakulaza. Ulipenda. Ulisema ukuta unapumua. Nilikulaza kwenye tanuri hilo na kwenye lililofuata, na lililofuata.

Kalunde alikuwa amekuja kutusaidia kupukuchua mahindi. Walikuwa wamekaa wawili kwenye mkeka, mama yako na yeye. Mama yako aliacha hindi mkononi. Hakuwa mwanamke wa kelele, unamjua. Aliniambia:

"Baba Ndunge, mtoto si tofali."

Nikamwambia moshi wa siku ya nne hauna kitu, kila mchomaji anajua. Akasema kama hauna kitu basi nilale mimi hapo. Kalunde akacheka. Na hapo ndipo niliharibikiwa, mwaitu, si kwa moshi, kwa kile kicheko. Dada yangu mdogo amenicheka mbele ya mke wangu kwa kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote. Nikasema, "Mimi ndiye najua moshi hapa," na nikakulaza hapo tena jioni ile ile, kuwaonyesha.

Kikohozi kikageuka. Ulianza kubadilika rangi midomoni. Mama yako hakunipigia kelele, hakuniomba. Asubuhi alikufunga mgongoni, mkubwa ulivyokuwa, akakupeleka hospitali, na kutoka hospitali hakurudi nyumbani, akapanda moja kwa moja mpaka Kathiani kwa Kalunde. Huko hewa ni ya juu, hakuna tanuri. Kwa mwezi mmoja ukapona. Na mimi, sikiliza hili, mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba ni tanuri ndilo lilianza kukausha, Kathiani pamemalizia tu.

Aliporudi peke yake nilimuuliza mtoto atarudi lini. Akasema siku nitaacha matairi. Nikamwambia kwamba wewe, Ndunge, ndiye ulikuwa unayasukuma kutoka barabarani, ulipenda kuyakimbiza na fimbo, sasa nani atayasukuma? Akasema, "Mimi."

Na akayasukuma. Miaka yote hiyo. Mimi nilipanga na kuziba, yeye alisukuma na kutia mdomoni. Nilidhani atachoka atakuleta. Nilikuwa namngoja achoke, na yeye alikuwa ananingoja niache, na hivyo ndivyo watu wawili wanaweza kukaa nyumba moja miaka minane.

Bado sijafika mahali pabaya. Ni hapa.

Ulipokuwa darasa la pili ulianza kuuliza kwa nini hukai kwetu. Mama yako alitaka kukuambia ni sababu ya moshi. Nikaona ukisema shuleni, shule yenye matofali yangu, ati baba yangu Daktari wa Moshi karibu aniue na moshi. Nikamwambia mama yako: siku utamwambia mtoto ni moshi wangu, siku hiyo namtoa Kathiani namrudisha hapa, na hakuna mtu atanizuia, mimi ni baba yake. Alijua ningefanya. Akanyamaza. Kalunde nilimwapisha kwa jina la baba yetu asiwahi kufungua mdomo.

Kwa hiyo yeye akawa mama aliyempeana mtoto wake, na mimi nikawa baba anayekuja mwisho wa mwezi na miwa.

Unakumbuka lile gauni la kijani. Ulilichukia. Ulimwambia Kalunde kwamba mama anakuja kwetu amevaa gauni zuri kama anaenda harusini na wewe sweta yako ina matundu. Lile gauni halikuwahi kufika nyumbani kwetu. Lilikaa Kathiani kwenye sanduku. Mama yako alikuwa akifika kwa Kalunde, kabla hujatoka shule, anaoga kichwa mpaka miguu, nguo za safari anazifunga kwenye mfuko wa nailoni anaziacha nje, anavaa gauni ndiyo akukumbatie. Kwa sababu siku moja ulimwambia, ukiwa na miaka saba, "Mama, unanuka tairi," ukajitoa mikononi mwake. Mimi nilipojua habari ya gauni nilimtania kwamba anajiremba. Nilimtania muda mrefu.

Alipoanza kukohoa, wewe ulikuwa sekondari ya bweni. Alikohoa kama watu wa hapa wanavyokohoa, wakati wa baridi, halafu wakati wa vumbi, halafu wakati wote. Daktari mmoja alisema hiki, mwingine kile. Nilikuuliza wewe mwenyewe, kesho yake baada ya kunieleza ile karatasi: je, ni matairi? Ukasema, baba, kwa mtu mmoja haiwezi kusemwa hivyo, kuna jikoni, kuna kuni, kuna mengi. Ulinijibu kama msomi, na nakuheshimu. Lakini nilitaka useme ndiyo au useme hapana. Kukaa katikati ndiko kunanimaliza. Ningekuwa nimemuua ningejua ninachotubu. Ningekuwa sikumuua ningelala. Hakuna mtu anaweza kuniambia, na hata huko matopeni hutalipata hilo.

Alipougua sana nilitegemea atakuambia. Ulikuwa mkubwa, vitisho vyangu havikuwa na meno tena. Ulikaa kando ya kitanda chake wiki mbili. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nikingoja kusikia. Hakusema. Kwa nini hakusema sijui. Nimewaza kwamba alinisitiri, nimewaza kwamba alikuhurumia wewe ubaki na mzazi, nimewaza kwamba alichoka tu. Sijui, na nisikudanganye.

Siku ya mazishi ulikaa na watoto wa Kalunde, hukukaa na sisi. Watu walipokuita uje mbele na familia, ulimshika shangazi yako mkono ukasema, "Mama yangu ni huyu." Ulisema chini chini, lakini mimi nilikuwa nyuma yako. Kalunde alinitazama. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Ningeweza kusema pale pale. Udongo ulikuwa bado haujaingia. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kuwaambia vijana walegeze kamba upande wa kushoto.

Tangu Desemba nimekuwa nikitafuta kitu cha kufanya, kwa maana mimi ni mtu wa kufanya. Kuna matanuri saba sasa bondeni. Yote yanakula tairi. Jumatatu nilichukua fimbo yangu nikamwendea Mwanzia, yule mwenye tanuri kubwa chini ya daraja, ambaye mimi mwenyewe nilimshika mkono kumwonyesha jinsi ya kupanga. Alikuwa amekaa kando ya ukuta siku ya nne, amevua shati, mke wake ananyonyesha hapo hapo kwenye joto. Nikamwambia amwondoe mtoto. Nikamweleza karatasi, nikamweleza matope ya Sabaki, vibaya, nilichanganya. Alinisikiliza na heshima yote. Halafu akasema, "Mzee, si wewe ulitufunza?" Akaniita nikae, baridi ni kali. Mke wake akanipa kiazi.

Nilikaa, Ndunge. Nilikula kile kiazi. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nilienda kwa chifu, akasema nilete malalamiko kwa maandishi. Kulalamika juu ya nani? Kila jina ningeandika ni mwanafunzi wangu. Nikiangalia bonde asubuhi naona ule mtetemo juu ya matanuri, miti ya nyuma inacheza, na mtu mwingine akitazama atasema leo hewa ni safi. Moshi ukishatoka hauitwi ukarudi. Ningeweza kubomoa tanuri langu kwa mikono yangu tofali kwa tofali, na kule chini unakokwenda hakuna kipande kimoja kingepungua.

Utafika miaka yako ya utoto kwenye hayo matope, sijui ni shibiri ngapi kutoka juu. Utaiona alama ya tairi. Watu wenzako wataiandika kwa namba, na ni sawa, ndiyo kazi. Lakini wewe sikutaka uione ukidhani ni mama yako alikupeana huku sisi tukichoma. Huo moshi ulioko humo alisukuma yeye, kila tairi, ili wewe usiwe kando yake. Alikuwa analipa kwa pumzi yake mwenyewe kila mwezi uliokaa Kathiani, na mimi nilisimama hapo na udongo mikononi, nikiziba midomo, nikijua.

Sikuombi unisamehe. Mtu wa umri wangu akiomba msamaha anaomba kwa haraka, apate kabla hajaenda, na hiyo si haki. Sikuombi hata urudi Krismasi. Nimekaa na neno hili moyoni nikilipanga jinsi ya kulisema ili bado uniite baba, na nimegundua kila mpango nilioupata ulikuwa ule ule wa zamani, wa kuziba mdomo kwa udongo ili joto lisitoke. Basi nimeacha kupanga.

Kama unaona nimejipunguzia mzigo mahali, au nimejiongezea ili unihurumie, maana na hilo naweza, kuna watu. Abdi wa mbuzi yuko dukani kwake kila siku, atakuambia maji ya kijito yalikuwaje na nilimjibu nini. Mwanzia atakuambia nilimfunza nini kuhusu siku ya nne. Wote wawili ni wakweli. Na shangazi yako Kalunde alikuwa kwenye mkeka ule, alisikia maneno ya mama yako na yangu, na alikaa na kiapo changu miaka ishirini na miwili.

Leo saa tatu asubuhi, ukiwa bado njiani, nilimpigia simu nikamwambia kiapo kimeisha, akwambie yote. Nilimsikia akipumua, halafu akakata. Kwa hiyo sijui. Pengine unaposoma hapa umeshajua yote kutoka kwake na barua hii imechelewa. Pengine hata hutalala nyumbani leo. Kama amekuambia, weka maneno yake kando ya haya yangu uyalinganishe.

Palipo na tofauti, amini yake.

Baba yako,
Nzioka